Kadi ya Arobaini na Moja

Wamenipa kadi yenye kamba, niivae shingoni.
Imeandikwa: *Mwanamke, miaka thelathini na minane.
Mto umevunja kingo. Nyumba imekwenda.
Mtoto mmoja hajulikani aliko.
Lia, lakini usipige kelele.*

Mia sita kwa siku, na chai, na mandazi mawili.
Perpetua Akelo nimemwacha nyumbani achunge kuku;
aliyeingia getini ni Arobaini na Moja.

Hapa ni Ahero, uwanja wa shule.
Nyasi zimefyekwa jana, na kwa chokaa wamechora mto
mahali ambapo mto haujawahi kupita.
Nilitaka kuwaambia: Nyando haiji kwa mstari.
Huanzia chooni, hupanda kimyakimya,
ikakukuta chini ya kitanda kabla mbwa hajabweka.
Lakini nani huuliza kadi?

Kapteni Lomuria ana saa mbili, ya mkononi na ya shingoni.
"Mahema ishirini, dakika kumi na tano!"
Na vijana wake, niseme haki, kazi wanaijua:
kigingi kinazama, kamba inakaza, turubai linavimba,
na kijiji kinaota mbele yangu kama uyoga
kabla sijamaliza andazi la pili.

Bi. Jerotich wa shirika la misaada
anamfuata Kapteni na daftari lake kifuani.
"Bunduki zisikaribie foleni ya maji."
"Hizi ni za mbao, mama."
"Mtoto hatofautishi mbao na chuma."
Kapteni akatazama saa moja, kisha ile nyingine,
akaamuru, na mbao kumi na mbili
zikaenda kulala nyuma ya lori.
Nikamwongezea alama, mimi nisiyeulizwa.

Mbele yangu Arobaini, Rael fundi cherehani,
kadi yake imemvunja mguu, naye husahau ni upi:
anachechemea kulia kwenda majini,
kushoto kurudi.
Nyuma yangu Arobaini na Mbili ana kipindupindu,
na anatafuna muwa.
Tulicheka. Mungu anisamehe, tulicheka sana.

Kisha meza ya waliopotea.
Koplo Musembi, ndevu hazijamtosha kunyolewa,
akalamba ncha ya kalamu.
"Mtoto anaitwa nani?"

Kadi haikuwa na jina.

"Wasonga," nikasema.
"Umri?"
"Minne. Kasoro mwezi."
"Alivaa nini mara ya mwisho?"
"Sweta ya kijani. Kifungo cha tatu si chake,
nilikitoa kwenye koti la baba yake,
cheusi, kikubwa, kilikuwa hakiingii vizuri tunduni."

Kalamu ikasimama.
Hakuna mwandika kadi duniani
anayejua habari za kifungo.

Mwaka ule boti ilifika siku ya nne.
Walituhesabu tuliokuwa juu ya paa, wakatupa biskuti,
wakaandika: *watu wazima saba*.
Ilikuwa hesabu sahihi.
Hawakuuliza ya pili.

Musembi hakusema pole. Alirudi kwenye fomu,
akaandika polepole, herufi kubwa kubwa,
kama mtu anayebeba maji kwa viganja:
KIFUNGO CHA TATU, CHEUSI.

Saa kumi filimbi ikalia. Zoezi limekwisha.
Kapteni na Bi. Jerotich wakapeana mikono
wakiendelea kubishana kuhusu vyoo.
Mguu wa Rael ukapona papo hapo.
Blanketi zilirudishwa, zikakunjwa, zikahesabiwa,
mbili hazikuonekana, na sote tukatazama mawingu,
meusi, yakijikusanya juu ya milima ya Nandi.

Nikiwa getini Musembi akanikimbilia.
"Mama, fomu za zoezi huchomwa jioni.
Hii yako niifanyeje?"

Ningeweza kuichukua. Mkono ulishanyooka.

"Iache," nikamwambia, "iache kwenye faili
pamoja na mguu wa Rael.
Humo angalau anatafutwa."