Kina cha Mto, Saa Sita na Robo

Kabla ya Mongolia, kabla ya chumvi ya Bolivia,
Halszka Wrzosek alisoma namba.
Kila siku, saa sita na robo mchana,
studio ndogo ya Warszawa, dirisha lisilofunga sawasawa:
"Mto Wisła. Zawichost, mia mbili na kumi na nne.
Puławy, mia moja tisini na nane, umepungua mbili."
Miaka minne ya majina na sentimita,
wala hakuwahi kuona hata ubao mmoja
uliochomekwa majini.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo,
nikikata kanda kwa wembe.
Nilijua anapumua wapi, anameza mate wapi,
na kwamba herufi R humkwaruza koo
kama kiti kinachoburutwa.

Kisha wakampa kinasa sauti cha kilo nane
na pasipoti ya kuazima,
maana wakati ule pasipoti haikuwa yako:
ukirudi, unairejesha kwenye droo ya polisi
sanduku lako bado limefungwa.
Alirudi na nini? Si mawe, si vinyago.
Maziwa ya farasi yakisukwa kwenye kiriba.
Kikohozi cha dereva, njia ya kwenda La Paz.
Mwanamke wa Tbilisi akigombana na tanuri.
Jumapili jioni nchi nzima ilikuwa ikipiga pasi;
barua ndizo zilizotuambia: "Bibi Halszka,
ulipofika jangwani niliunguza shati la mume wangu."
Barua hiyo aliibandika juu ya kitanda.
Kibao cha tuzo ya Wizara kilikaa chini ya sufuria.

Mwaka wa baridi mbaya, droo haikufunguliwa.
Karani alitazama ukuta, akasema, "Njoo Alhamisi."
Alhamisi zikawa tisa.
Ya kumi hakwenda. Alikwenda stesheni ya mabasi,
soksi mbili mbili, kinasa sauti begani,
akakata tiketi ya Zawichost.

Nilicheka. Nani atasikiliza Zawichost?

Huko alimkuta Ireneusz Pyć, msoma kina,
buti za mpira, kofia ya manyoya iliyoliwa na nondo.
Miaka ishirini na moja huteremka alfajiri,
hutazama mistari ya ubao, hupiga simu,
kisha mchana hungoja redio imrudishie namba yake.
Halszka akasogeza maikrofoni.
"Bwana Ireneusz, mto huu unauonaje?"
Bwana akamkazia macho.
"Ni wewe uliyesema mia sita."
"Lini?"
"Machi, mwaka ule wa barafu. Ilikuwa mia tatu.
Tulipandisha ng'ombe kilimani usiku, kwenye theluji.
Wa dada yangu akavunjika mguu.
Aliitwa Krasula."

Halafu kimya. Sekunde kumi na moja, nilizihesabu:
barafu ikigonga barafu,
na pumzi ya Halszka ikitafuta pa kupitia.

Mkurugenzi akasema, kata.
Nikachukua wembe, kiganja kimeloa.
Nikakatia soseji yangu ya mchana,
kanda nikaiacha kama ilivyo.

Droo ilikuja kufunguka. Kukawa na Patagonia,
vitabu vinne, televisheni na poda yake usoni,
kijana mmoja wa matangazo aliyemwita "hazina"
kisha akamhamishia saa tano usiku.
Lakini popote alipofika, sikiliza kanda uhakikishe,
swali lake la kwanza halikuwa jina la mtu.
Aliuliza: "Maji yenu yamefika wapi?"
Na jibu alilisoma tena, polepole,
mara mbili.

Siku hizi vina hupimwa na mashine.
Jana nilipanda kwake, ghorofa ya nne, hakuna lifti.
Sikio la kushoto limelala; nilikaa kulia.
"Umepitia mtoni?"
Nimepitia, darajani, kwa tramu.
"Kiasi gani?"
Nikasema: kama mia moja hivi.
"Kama?"
Akaweka birika chini.
"Basi rudi ukatazame," akasema,
akaniongeza sukari.