Neno la Tatu

Kanisa la Ndala limejaa hadi ngazini,
nami nimeketishwa benchi la mbele, "ndugu wa mjubilei",
nimevaa kitenge chenye sura yake:
kifuani, mgongoni,
na moja, Mungu anisamehe, nimeikalia.

Miaka hamsini.
Wamemvika taji la maua ya karatasi,
limelalia sikio la kushoto, lile lisilosikia.
Mshumaa unadondosha machozi kabla yetu.
Makubazi ni yaleyale,
yenye soli ya tairi la pikipiki ya zahanati.

Ninyi mnaopiga vigelegele hamjui
kwamba kabla ya Eufrasia alikuwapo Kalunde,
Kalunde wa Mihambo, mbishi,
aliyepanda juu ya ghala la karanga akagoma kushuka
siku wageni wa Usoke walipoleta ng'ombe kumi na wawili.
Baba alikaa anahesabu pembe.
Mama akasema, shuka, mwanangu, ugali unapoa.
Akajibu kutoka huko juu:
mwambieni Padre nimekubali.
Amekubali nini, hakuna aliyeuliza.

Ng'ombe hawakurudi Usoke.
Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimesimama chini,
nimeshika bakuli la maji ya kunawa wageni.

Miaka minne baadaye alikuja likizo, siku tatu tu,
amevaa shela nyeupe, amebeba karatasi imekunjwa mara nane.
Nishikie, Nyamizi, nisikilize, hainiingii kichwani.
Mimi na mtoto mgongoni, wa pili tumboni,
tukabangua karanga, yeye anasema nadhiri,
mimi namrushia ganda kila akikosea.
Useja, lilipita.
Ufukara, lilipita; nyumbani kwetu nani asiyelijua?
La tatu lilimkwama kila mara,
kama mbuzi mlangoni.
Hadi jioni nililijua mimi vizuri kuliko yeye.

Na leo, mbele ya Askofu,
mbele ya wakunga aliowafundisha
na vijana wenye ndevu aliowavuta wakitanguliza miguu
(wangu wa nne yumo, ameshika kamera),
anasema: "Mimi, Sista Eufrasia,
narudia kwa moyo wote nadhiri ya useja,
ya ufukara,
na ya..."

Kimya.
Feni inazunguka. Mtoto mmoja anakohoa.
Mnovisi anainuka na kitabu, viatu vyake vinalia.
Sikupanga. Sauti ilinitoka ile ya kuitia kuku:
"Utii!"

Kanisa zima likacheka, Askofu naye.
Yeye akanigeuzia sikio zima, akasema,
"na ya utii, asante, Nyamizi, ya utii,
mpaka kufa."

Nililijuaje?
Sikuliandikiwa karatasi.
Nimelitwanga, nimelipika, nimelilalia,
nimelibeba kwa mama mkwe aliyetaka maji ya moto saa kumi usiku,
nimelipanga majani majani kwenye bani la tumbaku,
na siku niliyomzika mwenye ng'ombe
sikujua niliweke wapi.
Hakuna aliyenivika taji. Sisemi kwa kinyongo.
Nasema tu.

Jioni, maturubai yanashushwa,
kreti za soda zinahesabiwa,
mbuzi wa zawadi ameshamgawia mjane wa Puge,
ndoo ya asali imeshakwenda wodini.
Tumekaa wawili nyuma ya jiko la masista,
kipande cha keki katikati yetu, chenye namba sifuri.

"Kule juu ya ghala," akasema, haniangalii,
"niliwaona wanavyogeuza macho kwako.
Niliona na bakuli linavyotetemeka.
Nikanyamaza. Nilitaka sana kwenda.
Hamsini hii, Nyamizi, nimeiungama kwa mapadre tisa.
Kwako bado."

Upepo wa Agosti ukaleta vumbi, tukafunika keki kwa viganja,
changu juu ya chake.
Pete yake imekonda kama uzi.
Yangu niliiuza mwaka wa njaa.

Sikumwambia kitu.
Niliinama nikamfungua makubazi, miguu imemvimba,
nikatafuta bakuli, nikatia maji.
Safari hii hakuna aliyenituma.