Somo la Nyundo

Nyundo nimeazima kwa fundi Mchopa wa baiskeli,
mpini wake umezungushiwa mpira wa tairi.
Maabara yetu ina sinki mbili, bomba halitoi,
na kabati lililofungwa tangu ufunguo upotelee Nachingwea.
Basi mezani nimeweka nilivyopata:
bonge la chumvi ya Lindi, bado lina mchanga;
waya wa shaba wa mota iliyoungua mashineni;
na jiwe jeusi alilolileta Somoe Likwena
ndani ya karatasi ya sukari,
jiwe la kwao, nyuma ya Mbekenyera.

Kidato cha Tatu, sogeeni. Wa nyuma wapande viti.

Nagonga chumvi.
Haibonyei, haijikunji. Inapasuka,
na kila kipande, hata cha chembe,
kina kuta zilizonyooka kama chumba kilichopimwa kwa kamba.
Humo ndani, nawaambia, kuna mtoaji na mpokeaji:
sodiamu katoa elektroni moja, klorini kaipokea,
toka siku hiyo wanashikana kwa deni,
huyu kando ya yule, safu kwa safu.
Nyundo ikisukuma safu hatua moja tu
mtoaji anajikuta uso kwa uso na mtoaji mwenzake,
na hapo hakuna salamu. Wanaachana.

Nagonga waya.
Unalala, unapanuka kama ulimi wa mbwa mwenye kiu.
Shaba haiulizi elektroni ni ya nani:
ni sufuria za msibani,
zinazunguka uani, zinapikiwa, zinaoshwa,
na mfiwa hajui ipi ilikuja na nani.
Sukuma safu, sufuria zinafuata. Hakuna kinachovunjika.
"Ila zinarudi bila mifuniko," mtu ananong'ona nyuma.
Wanacheka. Nami nacheka.

Kinywe sikigongi.
Nakipitishia kidole tu, na kidole kinateleza,
kinatoka cheusi chenye kung'aa
kama kitako cha chungu kilichosuguliwa.
Nachora ubaoni pembesita, na pembesita, na pembesita,
mkeka usio na pindo.
Kila kaboni imeshika wenzake watatu
kwa nguvu ambayo moto wa mhunzi hauifungui.
Lakini mkeka na mkeka uliolala juu yake
haikushikana, imegusana tu,
kama majirani wasiogombana wala kuombana chumvi.
Ndiyo maana penseli inaandika:
kila neno lenu ni mikeka iliyobaki nyuma.
Na ile elektroni ya nne, isiyo na wa kuishika,
inatembea juu ya mkeka. Betri. Taa ya tochi.
Inawaka, hafifu, rangi ya chai ya rangi.

Almasi je?
Kaboni hiyohiyo. Ila kila mmoja kashika wanne, pande zote;
hakuna wa kuteleza.

Somoe ananyoosha mkono.
"Mwalimu, shamba la baba lilikuwa na mikorosho arobaini na miwili.
Walikuja wakapima, wakalipa kwa kila mkorosho.
Jiwe hawakulihesabu.
Na toka hela itoke, baba na baba mdogo hawasemezani.
Sasa wao ni kipi? Chumvi, au hiki?"

Hata waliopanda viti wameacha kutikisika.

Watu si kaboni, nasema.
Hilo mtihani hauliulizi.
Na nalisikia jibu langu linavyoteleza.

Rimu ya gari inagongwa, wanatoka.
Chumvi inarudi jikoni, nyundo kwa Mchopa,
jiwe anaondoka nalo mwenyewe, ndani ya karatasi yake.

Jioni nafungua daftari la mahudhurio.
Kwenye namba kumi na saba kuna dole gumba.
Nafuta kwa kifutio, linasambaa.
Nafuta tena, linafika kwa namba kumi na nane,
kwa kumi na tisa, jembamba, linang'aa nikiinamisha ukurasa,
tabaka linaacha tabaka,
na taa ya sola inaishiwa chaji
kabla halijaisha.