Mwanakijiji wa Tatu

Walifika na malori mawili kwenye stesheni ya zamani, hapa Moshi,
reli imelala ndani ya magugu,
wakatuambia: leo ni mwaka thelathini na nane.
Karatasini wakaniandika "Mwanakijiji wa Tatu",
wakanifunga lubega nyekundu, wakanipa mkuki wa mbao.

Nikasema, samahani dada, mimi ni Mchaga wa Mamba.
Mwaka huo babu yangu alikuwa karani wa kahawa,
ana koti, ana kofia ya pama, ana deni la cherehani.
Dada wa mavazi akatabasamu, pini mdomoni:
"Watazamaji hawatajua."
Kweli. Hata mkuki haukujua.

Wala tusiwasingizie wageni peke yao.
Miaka minne nimeigiza tamthilia za Dar
na kila mara mimi ni Mangi mwenye duka,
nahesabu chenji, nalamba noti, nawanyima hata nzi sukari.
"Ongea Kichaga!" mwongozaji hupiga kelele,
maana yake: pinda ulimi, chekesha.
Nikiongea Kichaga chenyewe anasema kata, haieleweki.
Na duka ninalo kweli, pale Kiboriloni.
Hilo ndilo linaloniuma.

Fundi wa sauti alikuwa Gethin, masikio mekundu kwa jua.
Tulimwita Mwingereza, kama tunavyowaita wote.
Akaushusha mlingoti wa kinasa sauti polepole.
"Mimi si Mwingereza," kwa Kiswahili cha kuokoteza,
na uso wa mtu aliyelisema hilo kila mpakani. "Natoka Welisi."
Tukamuuliza, ni mkoa wa huko huko?
Akacheka kama aliyekanyaga msumari anaoujua.

Tukangoja wingu litoke Kibo
(mwongozaji aliutaka mlima, mlima haukumtaka),
akanieleza: kwao pia sinema huja na mavazi tayari.
Mchimba makaa ya mawe, uso mweusi, anaimba mvuani.
Mjomba zuzu mwenye kondoo.
Milima yao hukodiwa, ikaigiza nchi za watu wengine,
na yenyewe haipewi hata mstari mmoja wa kusema.

"Sema kitu, nipime sauti."
Kwa lugha gani?
"Yako."
Hakuna aliyewahi kuniomba hivyo bila kujiandaa kucheka.
Koo likakauka. Halafu nikaanza kuitaja migomba ya mama
kama ilivyosimama kihambani, kuanzia mlangoni:
mshare, ndishi, mlelembo, kitarasa,
na mfongo unaopita chini yake,
na ng'ombe aliyeuzwa ili nisome.

Gethin alikuwa amefumba macho.
Naye akataja, kwa Kiwelisi, mashamba ya bibi yake,
moja moja, yaliyolala chini ya bwawa
linalonywesha mji usio wao.
Sikuelewa hata neno. Nilielewa mwendo wake:
ni majina ya mtu anayefuata njia ya kwao gizani.
"Diolch," akasema.
"Aika," nikasema.

Filamu ilipotoka tuliitazama dukani
kwenye simu iliyoegemea kopo la maziwa.
Sekunde tatu. Lubega, mkuki, mdomo wangu unacheza,
na chini, maandishi meupe: *anaongea kienyeji*.
Ndeanasia, mke wangu, akaisogeza simu machoni.
"Mbona hawakuandika ulichosema?"

Usiku Gethin akanitumia ujumbe:
sikiliza upepo, dakika ya sitini na moja.
Ni pale shujaa anapolia kilimani, peke yake, kwa muda mrefu mno.
Nikaibana simu sikioni.
Upepo. Upepo tena.
Na ndani ya upepo, chini kabisa, mtu
anatembea kwenye kihamba cha mama yake
mikono mitupu:
mshare, ndishi

"Mangi, kiberiti bei gani?"

Subiri kidogo, mwanangu.
Hajafika kwenye kitarasa.