Mwaka Ulio Mkandani

Jumamosi, Ngong Road, mvua imekatika
na kila gari yadini linang'aa kama limezaliwa asubuhi.
"Mama, jipu hili ni la elfu mbili na tisa," anasema Gichohi.
"Lilikuwa la daktari. Kanisani na kurudi, basi."
Magari yote yanayouzwa Nairobi, nimegundua,
yalikuwa ya madaktari wacha Mungu.

Adongo hajibu. Amekuja na tochi, kitambaa,
na kile kioo kidogo cha daktari wa meno
alichonunua Gikomba kwa shilingi hamsini.
Tukitoka Grogan alinipa somo, akihesabu
kwa vidole ambavyo sabuni ilishavikatia tamaa:
wa saba usiguse, gia yake hulia ikiona mlima wa Limuru;
wa nane waliirekebisha, tulia hapo;
wa tisa wakaongeza kompyuta, na kompyuta haipatani na vumbi letu;
wa kumi, labda uwe na shemeji bandarini wa kukuletea spea.
"Sura moja, taa zilezile, jina lilelile mgongoni.
Lakini ni kama ndugu wa tumbo moja:
huyu atakuzika kwa heshima,
yule atauza shamba kabla hujapoa."

Anafungua boneti. Ananusa.
Kwenye ukingo kuna kibandiko cha Kijapani
ambacho hakuna aliyekumbuka kukibandua.
Maandishi hatuyajui, ila tarakimu ni tarakimu:
laki moja, thelathini na moja elfu, mia nne.
Mita ndani inasema elfu themanini na nane.
"Kumbe lilikuwa likirudi kinyumenyume," Adongo anasema,
"hiyo safari ya kanisani."
Gichohi anacheka peke yake, kisha anaacha.

Sasa anaingia kiti cha nyuma, anavuta mkanda,
anavuta, anavuta, mpaka mwisho kabisa,
pale ambapo hakuna abiria aliyewahi kufika.
Kuna kitambaa cheupe, kidogo kama kucha.
"Logibuku huandikwa na watu," ananiambia. "Njoo usome."

Januari, elfu mbili na nane.

Tumeinama watatu juu ya kile kitambaa,
fundi, muuzaji na mimi,
vichwa vyetu karibu kugongana,
na hakuna anayesema, "Ah, mwaka mzuri."

Januari ile nililala sakafuni kwa shangazi, Kayole,
godoro tumeliegemeza dirishani,
tumbo langu la miezi minane likipiga teke gizani
kama mtu anayetaka kujua nje kuna nini.
Na mahali fulani, siku ileile pengine,
mtu mwenye glavu safi alishona mkanda huu,
akapiga mhuri, akaenda kula chakula cha mchana.

Sikumuuliza Adongo alikuwa wapi.
Gichohi aliangalia viatu vyake kwa muda,
vilikuwa na matope, akavipangusa kimoja kwa kingine.
Kisha Adongo akauachia mkanda
nao ukajirudisha polepole ndani ya ukuta wa gari
kama ulimi uliokwisha kusema.

"Ni wa nane," akasema kwa sauti ya kazi. "Gia ni nzima.
Amekudanganya kukuuzia kibovu, akakupa kizuri."
Tukakatwa laki na ishirini, kwa sababu ya mita.
Mwaka hatukuujadili bei.

Nyumbani kijana wangu alilizunguka mara mbili,
ndevu zake tatu, mikono mfukoni,
akaniuliza lini ataruhusiwa kuliendesha.
Yeye naye ni wa nane, wa Februari.
Anakula sana, hulala hadi saa nne,
lakini milimani, mpaka leo, sijamsikia akilia.

Nikamwambia aingie.
Nikamwambia afunge mkanda.