Namba ya Simu ya Mwombaji

Mfumo unataka jina kama lilivyo kwenye cheti.
Hapo tulikwama saa nzima.
Cheti cha kuzaliwa kinasema Aikande,
cha kidato cha nne kinasema Haikande,
herufi moja aliyoichomeka karani fulani
labda akiwa na njaa.
Mama yake, juu ya kreti la soda pale mlangoni:
"Mimi nilimwita tu. Sikumwandika."

Kiapo kwa wakili wa ghorofani, elfu ishirini.
Ada ya maombi, elfu kumi,
na mtandao unazunguka, unazunguka
kama mbuzi aliyemaliza majani ya kamba yake.
Picha iwe na bluu nyuma:
nina shuka la bluu, misumari miwili,
nusu ya watoto wa Kibosho wamesimama mbele yake
wakijikaza wasicheke.

Steshenari yangu iko nyuma ya soko la Mbuyuni.
Matokeo ya kidato cha sita yakitoka
kalamu hulala kwenye boksi;
ninachouza ni vidole vyangu.

Ana wani ya sita. B, B, B.
Asidi na besi alizijua kwa chaki;
bureti aliishika mara ya kwanza
siku ya mtihani wenyewe, mkono ukitetemeka,
akasoma kipimo, akasoma tena.

Chaguo la kwanza?
"Udaktari. Muhimbili."
Hakumeza hata mate.

Nami naijua foleni iliyo nyuma ya kioo hiki,
wani ya tatu kwa wani ya tatu,
wenye maabara, wenye mwalimu wa jioni,
wenye mjomba wa kuuliza.
Nikamwambia mama kwa Kikibosho, taratibu,
aanze na uuguzi, ni salama.
Mama akamtazama binti.
Binti alikuwa anatazama kioo.
"Dada, andika."

Kidole kiliganda.
Zamani nami nilijaza fomu, ya karatasi,
nikaanza na lililo jepesi.
Jepesi likanikataa vilevile,
na hadi leo sijui zito lingesemaje.

Nikaandika.

Namba ya simu ya mwombaji.
Hana. Ya mama imefungwa:
mashine ya alama za vidole
haikuona kitu kwenye vidole vyake,
jembe limeshafuta.
"Si uweke yako?"

Niliweka yangu.
Msimu huu simu yangu ina waombaji kumi na saba.
Inatetemeka kanisani, nakuwa watu kumi na saba.
Inatetemeka nikiwa na povu kichwani saluni,
kumbe ni kampuni ya simu
inanipongeza kwa kununua bando.

Ujumbe ulikuja Jumanne, umeme umekatika.
*Mpendwa mwombaji.* Hakuna jina, ni namba ya fomu tu.
Nikafungua daftari, nikashuka na kidole,
nikiomba awe mwingine,
nikaona aibu kuomba hivyo,
kwa kuwa huyo mwingine naye ana mama.

Nilipanda bodaboda hadi Kibosho.
Mlima ulikuwa umejifunika, haukutaka kuhusika.
Mama anageuza kahawa kwenye wavu,
Aikande anakata majani ya ng'ombe.
Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima,
yakamwagika getini.

"Lete nisome mwenyewe."
Akajifuta mikono kwenye kanga. Akasoma.
Akasoma tena, kama siku ile ya bureti.
"Awamu ya pili wanafungua lini?"
"Jumatatu."
"Saa ngapi?"

Mama hakuacha kugeuza kahawa.
"Na jina," akauliza, "safari hii wamelipatia?"