Kwa Zamu ya Kuingia

Flashi yenyewe si kitu: ukubwa wa kucha ya kidole gumba,
kifuniko kimepotea, imefungwa uzi mwekundu
isije ikatumbukia chini ya kiti, kwenye maganda ya alizeti.
Taalai aliichomeka asubuhi aliyopanda basi la Novosibirsk.
Akasema, "Isikutoke."
Sikuuliza alimaanisha flashi au gari.

Gari lilitoka Japani, usukani upande wa kulia,
na mwanamke ndani ya dashibodi
ambaye kila nikiwasha hunisalimu kwa adabu
na kunikumbusha kadi nisiyo nayo
ya barabara tusizo nazo.
Redio nayo haijui herufi zetu.
Kila wimbo, jina lake ni visanduku:
visanduku vitano, nafasi, visanduku vitatu.
Nimejifunza kuvisoma
kama mchungaji ajuavyo mbuzi wake kwa migongo.

Na haifuati alfabeti, redio hii. Wala mwimbaji, wala mwaka.
Inapiga kwa zamu ya kuingia:
uliotangulia kunakiliwa ndio utakaotangulia kusikika.
Fundi wa soko la Dordoi ndiye aliyeniambia, huku akipuliza solda.
Kumbe miaka mitatu nasikiliza usiku ule mmoja,
mkono wake ukichagua: kwanza huu, halafu huu,
hapa akasita (nyimbo mbili za densi zisizofanana naye),
hapa akamkumbuka mama yake,
komuz nne mfululizo.

Ila ina ugonjwa. Ukizima injini, inasahau.
Hurudi mwanzo kama mtoto aliyekatizwa hesabu.
Bishkek hadi Naryn nazima mara tatu:
petroli, polisi, Kochkor kwa chai.
Wimbo wa kwanza nimeusikia hata siusikii tena.
Wa arobaini niliufikia mara moja, abiria wamelala.
Zaidi ya hapo, giza.

Mwezi wa pili theluji ilifunga njia ya Dolon.
Magari kumi na sita, taa nyekundu,
kisha hata taa hazionekani.
Nyuma yangu mzee Abdykadyr na gunia la unga mapajani,
mwanafunzi wa utabibu wa mifugo,
askari mwenye mafua.
Kuzima ni kuganda. Nikaiacha injini ingurume,
nikawa nashuka kila nusu saa kufukua theluji kwenye ekzosi.
Na flashi ikaenda.
Sitini. Tisini. Mzee akatugawia kurut,
jibini kavu, gumu kama kokoto,
tukalimung'unya kwa heshima.
Mia na thelathini. Askari akaimba ubeti,
akapiga chafya, akaacha.

Saa kumi alfajiri ukaja wa mwisho,
na haukuwa wimbo.
Maji ya bomba. Kikombe kugonga kikombe.
Mwanamke akiimba puani, bila maneno, nje ya ufunguo,
akiingia ubeti wa pili kabla hajaumaliza wa kwanza.
Kisha pumzi ya mtu aliye karibu na kinasa sauti,
anayezuia kicheko.
Mlango wa jikoni. Basi.

Nilikitambua kikombe kwanza.
Kile chenye ufa, kisicholia kama vingine.

"Nani huyu?" mwanafunzi akauliza.
Nikatazama skrini: kisanduku kimoja tu, peke yake.
"Sijui," nikasema. "Redio haisomi majina."
Mzee akanitazama kwenye kioo,
akasogeza unga wake.

Greda lilifika saa mbili.
Naryn wakashuka, wakalipa, askari akasahau glavu moja.
Mkono wangu ukaenda kwenye ufunguo, mazoea,
ukabaki pale.
Wimbo wa tisini, au tisini na moja.
Tangi lina robo.
Nikaanza kuhesabu kwa vidole
zimebaki ngapi hadi kwenye vikombe.